Seva Ilipogoma Kuamka

Mwaka huu sikuja na hadithi ya sungura na fisi, wala shairi la kuwasifu walimu. Nimekuja na mambo ya tarakilishi. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine! Najua wamo chamani mwetu watu ambao wakisikia neno Linux hushikwa na kizunguzungu, wakadhani ni jina la dawa ya minyoo. Nitakwenda nawe polepole, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa yaliyotupata katika likizo ya Agosti mwaka wa 2024 yalinifunza jambo ambalo kila anayegusa mashine anafaa kulijua. Mashine haigomi bila sababu, na mara nyingi sababu yenyewe huwa imeandikwa mahali. Kazi yako ni kuisoma.

KISA CHENYEWE

Katika chumba chetu cha tarakilishi kuna mashine moja nyeusi kwenye kona. Haina kiwambo wala kibodi, na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hudhani ni mbovu. Hiyo ndiyo seva. Seva ni tarakilishi inayozihudumia tarakilishi nyingine. Ukihifadhi kazi yako kwenye mashine yoyote mle chumbani, kazi hiyo husafiri kwa waya hadi kwenye seva na kulala humo. Ndani yake mna diski mbili. Ya kwanza ina mfumo wenyewe, na ya pili, yenye ukubwa wa terabaiti 1, ina kazi za wanafunzi. Siku ninazozisimulia, diski hiyo ya pili ilikuwa na miradi ya watahiniwa wote wa Kidato cha Nne, mtihani wa kitaifa ukiwa unabisha hodi.

Seva hii hutumia Linux. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na kijana Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Ufini. Tukisema kweli, alichokiandika yeye ni kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaozungumza na vifaa: diski, kibodi, kadi ya mtandao na kadhalika. Watu wengine huuchukua moyo huo, wakauvika mwili wa programu na kuupa jina. Ubuntu ni mmojawapo, uliotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2004, na jina lake ni neno la lugha za Wabantu wenzetu wa kusini lenye maana ya utu. Mwingine ni Debian, ulioanzishwa mwaka wa 1993. Seva yetu ilikuwa na Debian 11.

Kwa nini tuliigusa ilhali ilikuwa inafanya kazi vizuri? Debian 11 ilitolewa Agosti 2021, na kufikia Agosti 2024 matunzo yake ya kawaida yalikuwa yamefika ukingoni, ikakabidhiwa kikosi kingine cha kuiuguza uzeeni. Toleo la 12 lilikuwa limekwisha toka tarehe 10 Juni 2023. Mwalimu wetu wa tarakilishi akatuita wanafunzi watatu tuliobaki shuleni, akasema, "Wanangu, leo tunaipandisha seva daraja." Tukafurahi kama watoto walioahidiwa mandazi. Siku hiyo hiyo, kwa tamaa ya kumaliza kazi zote, tukachomeka pia kadi ya pili ya mtandao. Kumbe hapo ndipo tulipoanza kujitafutia balaa.

Tulitoa amri za kupandisha daraja, maandishi yakateremka kwenye kiwambo kama mvua ya masika. Katikati ya mvua hiyo palipita mstari uliosema kuwa nafasi imekwisha kwenye diski. Mimi niliuona. Nikanyamaza, nikidhani mashine itajijua yenyewe. Tukaizima, tukaiwasha. Lo! Kiwambo kikajaa herufi nyeupe, na mwishoni maneno haya:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Jasho jembamba likanitoka. Mwalimu akauliza, "Nakala ya akiba ni ya lini?" Tukatazamana. Ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Kila marekebisho waliyoyafanya watahiniwa katika wiki hizo tatu yalikuwa ndani ya mashine iliyogoma kuamka.

SAFARI YA KUWAKA

Kabla sijakwambia tulivyojinasua, sharti uelewe jinsi tarakilishi inavyoamka. Haiamki mara moja kama taa. Hupita vituo vitano, kama matatu inayotoka kijijini kwenda mjini, na ikikwama ni lazima ujue imekwamia kituo gani.

Kituo cha kwanza ni programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu wa mashine. Katika mashine za zamani huitwa BIOS, na katika zile za siku hizi UEFI. Hii hukagua vifaa na kutafuta diski ya kuanzia. Ukiona mashine haionyeshi chochote, au inasema haioni diski ya kuanzia, umekwamia hapa. Usiilaumu Linux, angalia kebo kwanza.

Kituo cha pili ni GRUB, mlinda lango. Huyu ndiye anayeleta orodha ya kerneli zilizomo na kukuuliza unataka ipi. Ukiona maneno grub rescue> na alama ya kungojea uandike, mlinda lango ameamka lakini amepoteza funguo zake.

Kituo cha tatu ni kerneli pamoja na kifurushi chake cha kuanzia, kiitwacho initramfs. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo hebu nitoe mfano. Tuseme umejifungia nje, na ufunguo uko mezani ndani ya nyumba. Utaingiaje? Kerneli nayo hupatwa na shida kama hiyo. Ili isome diski inahitaji draiva, lakini draiva yenyewe imehifadhiwa ndani ya diski ile ile. Dawa yake ni kifurushi kidogo ambacho GRUB hukipakia kumbukumbuni pamoja na kerneli. Ndani yake mna draiva za lazima. Kifurushi hiki ni kama jirani mwema anayekutunzia ufunguo wa pili. Kila kerneli ina jirani wake. Asipokuwepo, kerneli hubaki nje ikipiga kelele, na kelele zake ndizo yale maneno ya panic niliyoyanukuu. Tarakimu (0,0) zina maana kwamba haikuona diski yoyote.

Kituo cha nne ni kuifungua diski kuu ya mfumo. Kituo cha tano ni systemd, mwalimu wa zamu, ambaye huamsha huduma zote nyingine: mtandao, diski za ziada, saa na kadhalika. Ukiona maneno ya emergency mode, umefika kituo cha tano na mwalimu wa zamu amekataa kuendelea kwa sababu kuna jambo la lazima lililokosekana.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: usianze kutibu kabla ya kujua umekwama wapi. Daktari hamkati mgonjwa mguu kwa sababu anaumwa na jino.

TATIZO LA KWANZA: JIRANI ALIKOSA MAHALI PA KULALA

Wahenga walisema, ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Katika Linux zizi lipo. Unapopandisha daraja, kerneli ya zamani kwa kawaida haiondolewi papo hapo. Mwalimu aliiwasha seva upya, na orodha ya GRUB ilipotokea akachagua mstari wa Advanced options, kisha kerneli ya zamani namba 5.10. Mashine ikaamka! Tukapiga makofi. Mwalimu akasema, "Bado. Tumetoka kisimani, hatujafika nyumbani."

Akatoa amri hii ya kutazama nafasi:

df -h /boot

/boot ni kile chumba kidogo cha diski kinachotunza kerneli na vifurushi vyake. Chetu kilikuwa na megabaiti 256 tu, na kilijaa pomoni. Kila mara kerneli mpya ilipoletwa, mzee aliachwa humo humo bila kufukuzwa, na kila mmoja na kifurushi chake hula makumi ya megabaiti. Kerneli mpya namba 6.1 ilipofika ilipata kijinafasi cha kujibanza yenyewe, lakini kifurushi chake kikakosa mahali. Ule mstari niliouona nikanyamaza ndio uliokuwa ukituambia hayo.

Tiba ilikuwa hivi. Kwanza tuliuliza tunatumia kerneli ipi, tusije tukakata tawi tulilokalia:

uname -r

Halafu tukaondoa kerneli mbili kuukuu ambazo hazikuwa zikitumika, tukitumia dpkg --purge na jina la kila moja. Tukatazama tena nafasi ikawa imepatikana. Kisha tukaiambia mashine imalize kazi iliyokatizwa na kuandika orodha ya GRUB upya:

dpkg --configure -a
update-grub

Mwisho tukaorodhesha vilivyomo kwa ls -lh /boot, tukahakikisha kwamba kila faili la vmlinuz, yaani kerneli, lina mwenzake wa initrd.img mwenye namba ile ile. Ukiona kerneli iliyo mjane, usizime mashine.

Tatizo hili si letu peke yetu. Kerneli na vifurushi vyake vimekuwa vikinenepa toleo baada ya toleo. Debian 13 ilipotoka tarehe 9 Agosti 2025, watengenezaji wake waliwashauri watu wahakikishe /boot ina angalau megabaiti 768, na kama megabaiti 300 zikiwa wazi, kabla ya kupanda daraja. Pima chumba chako na mashauri hayo.

TATIZO LA PILI: KAZI ZA WATAHINIWA ZIMEKWENDA WAPI?

Tukaiwasha upya kwa kerneli mpya. Ikaamka vizuri, bila kelele. Nikafungua sanduku la /srv/kazi ambamo miradi ya Kidato cha Nne hukaa. Jamani! Hapakuwa na mradi hata mmoja. Palikuwa na mafaili ya ajabu ajabu, vmlinuz na initrd na mengineyo. Mwenzangu mmoja akasema kwa sauti ya kukata tamaa, "Diski imeoza. Tuifomati tuanze upya."

Namshukuru Mungu mwalimu alikuwepo. Alimshika mkono akamwambia, "Polepole, kijana. Usizike kabla hujamwona maiti. Kufomati ni dakika moja, kujuta ni maisha." Akatoa amri hii:

lsblk -f

Amri hii huonyesha diski zote, vyumba vyake, na kinachotumika wapi. Tuliposoma tukaona diski ya terabaiti 1 ipo, nzima, haijaguswa. Ila jina lake lilikuwa limebadilika. Zamani iliitwa /dev/sdb, sasa inaitwa /dev/sda. Na diski ya mfumo iliyokuwa sda sasa ni sdb.

Ilikuwaje? Chukua mfano wa darasani. Majina sda, sdb na sdc ni kama namba za madawati. Anayeingia wa kwanza hukaa dawati la kwanza. Kerneli inapoamka huziita diski, na ile iitikayo mapema hupewa jina la mbele. Hakuna ahadi yoyote kwamba zitaitika kwa mpangilio ule ule kila siku. Ukibadilisha kerneli, ukiongeza kadi, au ukichomeka diski ya nje, mpangilio unaweza kubadilika. Watu wakongwe wa Linux watakukumbusha kwamba karibu mwaka wa 2007 mambo yalikuwa makubwa zaidi: diski nyingi zilizoitwa hda ziliamka siku moja zikiitwa sda, na seva nyingi zikakwama.

Sasa kuna faili liitwalo /etc/fstab. Hilo ndilo daftari linaloeleza kila diski ifunguliwe wapi. Ile diski ya pili iliongezwa baadaye kwa mkono, na aliyeiongeza aliandika hivi: fungua /dev/sdb1 kwenye /srv/kazi. Seva ikatii neno kwa neno. Siku hiyo sdb1 kilikuwa ni chumba cha /boot, nayo ikakifungua hicho. Haikupoteza chochote. Ilimpa mgeni kiti cha mwenyewe, basi.

Dawa ni kuacha kutumia namba za madawati na kutumia namba ya usajili. Mwanafunzi akihama dawati, namba yake ya usajili haibadiliki. Kila chumba cha diski nacho kina namba kama hiyo, iitwayo UUID. Unaiona kwa amri ya blkid. Tukafunga lile sanduku, tukafungua daftari, na mahali palipoandikwa /dev/sdb1 tukaandika UUID= na ile namba ndefu. Kisha:

systemctl daemon-reload
mount -a

Tukafungua /srv/kazi tena. Miradi yote ilikuwa pale, hadi ule uliohifadhiwa siku ya mwisho ya muhula. Sikuona haya kulia. Ndugu msomaji, laiti tungefuata lile shauri la kufomati, tungefuta diski nzima kwa mikono yetu wenyewe, tena tungedhani tunaponya.

Ongezea hapa jambo moja. Ikiwa diski iliyoandikwa kwenye daftari haipatikani kabisa, systemd hungoja, kwa kawaida sekunde 90, halafu hukupeleka kwenye emergency mode. Hapo toa nywila ya mkuu, soma sababu kwa journalctl -xb, kisha rekebisha daftari. Kwa diski isiyo ya lazima, kama ile ya nje ya kuhifadhia akiba, andika neno nofail mbele ya maelezo yake mengine. Maana yake ni: akikosekana, endeleeni na safari.

TATIZO LA TATU: MTANDAO ULIOBADILI JINA

Tulipodhani tumemaliza, tukagundua kwamba hakuna mashine hata moja mle chumbani inayoiona seva. Waya ulikuwa umechomekwa na taa yake inawaka. Tukauliza kadi zilizopo:

ip -br link

Kumbe kadi yetu iliyoitwa enp2s0 sasa inaitwa enp3s0! Majina haya hayatolewi ovyo. Zamani kadi ziliitwa eth0, eth1, na zilibadilishana majina kama mapacha watundu. Kuanzia mwaka wa 2013, systemd ilileta majina yanayotokana na mahali kadi ilipokaa: en ni mtandao wa waya, p3 ni namba ya njia, s0 ni namba ya tundu. Ni utaratibu mzuri. Lakini kadi mpya ikiingizwa, namba za njia zinaweza kusogea, na jina nalo likasogea. Ile kadi ya pili tuliyoichomeka kwa tamaa yetu ndiyo iliyomsukuma mwenzake.

Tulifungua /etc/network/interfaces, tukabadilisha jina la zamani kuwa jipya, tukaiamsha huduma ya mtandao upya. Mambo yakawa shwari. Mtu akitaka jina lisilosogea kamwe anaweza kulifunga kwenye namba ya kudumu ya kadi, ile iitwayo anwani ya MAC. Faili fupi lenye mwisho wa .link huwekwa katika /etc/systemd/network likisema, kadi yenye anwani hii iitwe lan0. Ni ile ile hekima ya namba ya usajili.

Iwapo kadi haionekani kabisa katika orodha hiyo, ugonjwa ni mwingine. Angalia kama kerneli imeipatia draiva:

lspci -k

Chini ya kila kifaa husomeka draiva inayokihudumia. Pakiwa patupu, draiva haipo. Kisha tafuta neno firmware ndani ya dmesg. Vifaa vingine huhitaji fimwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe. Katika Debian 12 fimwea zisizo huru zilihamishiwa sehemu mpya iitwayo non-free-firmware. Aliyepanda daraja bila kuongeza jina hilo kwenye orodha yake ya vyanzo hakupokea fimwea mpya. Anayejua hilo huokoa siku nzima.

MLINDA LANGO AKIPOTEZA FUNGUO

Hili halikutupata sisi, lakini lilipata watu wengi mwezi wa Julai 2020. GRUB ilirekebishwa kwa haraka kwa sababu ya dosari ya usalama, na katika mashine kadhaa za BIOS watu waliwasha wakakuta maneno symbol 'grub_calloc' not found, kisha grub rescue>. Sababu? GRUB ina sehemu mbili: kichwa kilicho mwanzoni mwa diski, na kiwiliwili kilicho ndani ya /boot. Mfumo ulikumbuka vibaya diski ya kuandikia kichwa. Kwa hiyo kiwiliwili kikawa kipya na kichwa kikabaki cha zamani, navyo havikuelewana.

Dawa yake inafaa kwa magonjwa mengi ya kuwaka, kwa hivyo ikariri. Tafuta fleshi yenye Linux inayoweza kuwaka yenyewe. Iwashe mashine kwa fleshi hiyo, tazama majina kwa lsblk -f, halafu fungua diski yako. Tuseme mfumo uko sda2 na /boot ni sda1:

mount /dev/sda2 /mnt
mount /dev/sda1 /mnt/boot
mount --bind /dev /mnt/dev
mount --bind /proc /mnt/proc
mount --bind /sys /mnt/sys
chroot /mnt

Amri ya mwisho hukuingiza ndani ya mfumo wako mgonjwa kana kwamba umewaka wenyewe. Ukiwa ndani, katika mashine ya BIOS, andika:

grub-install /dev/sda
update-initramfs -u -k all
update-grub

Kisha dpkg-reconfigure grub-pc ili uchague diski sahihi isisahaulike tena. Toka, zima, chomoa fleshi, washa. Zingatia kwamba GRUB huandikwa kwenye diski nzima, sda, wala si kwenye chumba cha sda1.

KABLA HUJAGUSA SEVA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya ndiyo tuliyoyabandika ukutani baada ya siku ile:

1. Weka nakala ya akiba siku hiyo hiyo, tena ifungue uone kama inasomeka. Akiba isiyofunguliwa ni dua tu.
2. Tazama nafasi kwa df -h, hasa /boot na diski kuu.
3. Soma /etc/fstab. Kila palipo na /dev/sd, badilisha kuwa UUID.
4. Andika kwenye karatasi majibu ya lsblk -f, ip -br link na uname -r. Karatasi haihitaji umeme.
5. Panda daraja moja kwa wakati mmoja: kutoka 11 hadi 12, kisha 12 hadi 13. Debian haikubali kuruka toleo.
6. Usibadilishe mambo mawili siku moja. Ukiongeza kadi na kupandisha daraja kwa pamoja, hutajua nani mkosaji.
7. Ukiona neno la kosa, simama. Usizime mashine mpaka ulielewe.
8. Usiondoe kerneli ya zamani mpaka mpya iwe imewaka na kufanya kazi.
9. Kuwa na fleshi ya uokoaji mfukoni, na kiwambo na kibodi karibu. Seva iliyokwama haiwezi kuitika kutoka mbali.

Namba ya saba inanihusu mimi. Niliuona ule mstari nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu kuuliza mbele ya wenzangu. Kuuliza si ujinga. Ningesema, "Mwalimu, pale pameandikwa nafasi imekwisha," tungeokoa nusu ya siku na shinikizo la damu la mwalimu. Watahiniwa wa mwaka ule hawakujua lolote. Walirudi shuleni, wakafungua miradi yao, wakaendelea na marekebisho kana kwamba hapakutokea jambo. Wewe uliyekuwa Kidato cha Nne wakati huo, ukisoma makala haya popote ulipo, tusamehe. Sasa unajua.

Na wewe uliyebaki, ukipita kwenye kona ile ukaiona mashine nyeusi isiyo na kiwambo, usiipige teke. Na kazi yako yenyewe je, ina nakala ya pili? Kama haina, funga jarida hili sasa hivi, nenda kaitengeneze. Akiba haiozi.

Wasalaam, na tuonane mwakani, Mungu akipenda.

Mwanachama, Kidato cha Nne